Barua kutoka Muhoroni

Barua ya kwanza ilinikuta nimekalia sanduku la vitabu, ninalia.

Ulikuwa mwaka wa 1986. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mwalimu mkuu anikabidhi ufunguo wa chumba kilichoitwa maktaba katika shule yetu ya wasichana, mwendo mfupi kutoka Kisian ukishuka upande wa ziwa. Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha Kiswahili bila kupita chuo chochote cha ualimu, na walimu wenye vyeti walipoletwa, kazi yangu ikaisha. Mwalimu mkuu, mama mrefu aliyevaa miwani yenye mnyororo, hakupenda kunifukuza. Aliniita ofisini akasema, "Madam, sasa utakuwa mkutubi," kisha akarudia kusoma karatasi zake.

Sikujua mkutubi hufanya nini. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni na kula rafu mbili za chini pamoja na vilivyokuwamo. Ulivuta kitabu kilichoonekana kizima, jalada likakubakia mkononi, na ndani mmejaa udongo. Siku hiyo nilikuwa nimefungua sanduku la msaada kutoka ng'ambo, nikitumaini hadithi za kuwasomesha wasichana. Nilikuta miongozo ya kutunza mitambo ya kupasha nyumba joto wakati wa theluji. Nakala ishirini na kitu, zote za aina moja. Ndipo nikakaa juu ya sanduku.

Karani wa shule alisukuma mlango, akaniona, akajifanya hakuona. "Imeandikwa 'Mkutubi'," alisema akininyooshea bahasha. "Nadhani ni wewe."

Ndani mlikuwa na karatasi nne zilizopigwa taipu kwenye stensili na kutolewa kwa mashine ya saiklostaili, wino umekolea hapa na kufifia pale. Juu paliandikwa: Barua kwa Wakutubi wa Shule. Mwandishi wake alikuwa mkutubi wa shule moja ya upili upande wa Muhoroni, kwenye mashamba ya miwa. Hakuna ofisi iliyomtuma. Alikuwa ametafuta anwani za shule zote alizoweza kuzipata, kuanzia huko kwenye miwa hadi ufuoni, na kila muhula alizipelekea barua moja. Aliandika kwa Kiswahili, akaeleza sababu: wasomaji wake walikuwa Wajaluo, Waluhya, Wakisii na Wakalenjin, na alipoandika kwa Kiingereza alijisikia kama anaomba kazi.

Barua ile ilianza hivi, na ninaikumbuka neno kwa neno kwa sababu niliifuata siku hiyo hiyo: "Ndugu mkutubi, kama una mchwa, acha kupuliza dawa kwanza. Vuta rafu kutoka ukutani. Simamisha kila mguu wa rafu ndani ya mkebe wenye oili chafu ya gari. Halafu lala usingizi."

Nilitafuta mikebe jikoni kwa mpishi wa shule. Oili niliiomba kwa fundi wa magari pale barabarani. Mchwa hawakupanda tena.

Kulikuwa na barua nyingine za wakutubi zilizotufikia miaka ile. Moja ilitoka Nairobi, imechapwa kwenye karatasi ya kung'aa, yenye picha za watu wakikata utepe. Nyingine ilitoka kwa wamishonari, nayo ilikuwa na orodha ya vitabu ambavyo wasichana hawakupaswa kusoma, ikanisaidia kujua majina ya vitabu vya kutafuta. Lakini ya Muhoroni ndiyo niliyoingoja. Ilinifundisha kupika gundi ya unga wa muhogo na kuitia matone ya mafuta ya taa ili mende wasiile. Ilinifundisha kushona kitabu mgongoni kwa uzi wa nyavu. Ilinifundisha kutengeneza kadi za katalogi kwa maboksi ya sabuni. Kuhusu vitabu vya msaada visivyofaa ilisema: "Vitupe bila haya. Aliyevileta alikuwa anasafisha nyumba yake." Ile miongozo ya theluji ikaenda jikoni kuwashia moto.

Kuliko yote, ilinifundisha kufungua makabati. Maktaba nyingi za shule wakati ule zilikuwa makabati yenye kufuli, na mkutubi alikuwa askari wake. Yeye aliandika: "Fungua. Vingine vitaibwa. Acha viibwe." Nilifungua, na viliibwa, na wasichana walianza kuja. Mfumo wa elimu ulipobadilishwa na vidato vya tano na sita vikafutwa, mwalimu mkuu alitaka vitabu vya madarasa hayo vifungwe stoo. Nilimwonyesha barua. Akaisoma akiwa amesimama, akasema, "Huyu bwana ana maneno mengi," lakini vitabu vilibaki.

Nilimwandikia mwaka wa 1988. Niliuliza jambo dogo kuhusu kadi. Alinijibu kwa mkono, kurasa tatu, na barua iliyofuata ikachapa swali langu bila kutaja shule. Tangu hapo tuliandikiana miaka mitano bila kuonana. Nilijua ana mke anayefundisha shule ya msingi na watoto wawili wa kike. Nilijua moshi wa miwa ikichomwa kabla ya kukatwa ulimwangushia masizi meusi juu ya karatasi, naye aliyapuliza na kuendelea kutaipu. Sikuwa na mume. Mama yangu aliniuliza mara moja, "Huyo wa barua, anataka nini?" Nilimwambia anataka nibandike namba kwenye migongo ya vitabu. Mama alinitazama kama mtu aliyedanganywa vibaya.

Kisha barua zikaanza kubadilika. Ukurasa wa mwisho siku zote ulikuwa na orodha ya shule zinazoipokea. Mwaka wa 1991 orodha ilianza kupungua, na chini ya majina palikuwa na mistari mifupi: mkutubi wa shule fulani amefariki, shule haijaajiri mwingine. Mkutubi wa shule fulani anaugua, amerudi kwao. Hakuna aliyesema anaugua nini. Kwetu shuleni walikufa mwalimu wa jiografia na mlinzi katika muhula mmoja. Jumamosi zote zilikuwa za mazishi. Watu walisema ni chira, ile laana inayomkondesha mtu aliyevunja mwiko wa kwao, au walisema malaria, au kifua, na mwenye kusema neno lenyewe alilisema akitazama pembeni.

Barua ya muhula wa pili mwaka wa 1992 ilikuwa ya ukurasa mmoja.

"Ndugu wakutubi," iliandikwa, "mke wangu amefariki. Hakulogwa. Hakuvunja mwiko wowote ninaoujua. Aliugua ukimwi, na daktari amenipima na mimi nimekutwa nao. Naandika haya kwa sababu sisi ndio watu tunaowaambia watoto kwamba majibu yamo kwenye vitabu. Kuna kijitabu chembamba cha kijani kinachotolewa bure hospitalini. Kichukueni. Kiwekeni kwenye rafu iliyo wazi, mahali ambapo mtoto anaweza kukichukua bila kumwomba mtu. Halafu niandikieni mnijulishe."

Niliisoma mara mbili nimesimama, kisha nikafunga mlango nikaisoma tena. Sikuwahi kumsikia mtu yeyote, mwanamume wala mwanamke, akisema jambo hilo kuhusu mwili wake mwenyewe. Baadaye nilisikia kwamba shule kadhaa zilirudisha bahasha zilizofuata bila kuzifungua.

Nilikwenda Kisumu, nikachukua vijitabu kumi na viwili, na Jumatatu nikaviweka kwenye rafu ya karibu na dirisha. Vilikaa siku mbili. Siku ya tatu mwalimu mkuu alikuja mwenyewe. Alichukua kimoja, akafungua katikati palipokuwa na mchoro, akakifunga.

"Nani amekuruhusu?"

"Ni vya serikali, Madam. Vinatolewa hospitalini."

"Sikuuliza ni vya nani." Hakupaza sauti. "Wazazi wakisikia nafundisha wasichana wao mambo haya, nitasimama wapi? Kamati ya shule ina wachungaji watatu. Vitoe."

"Lakini wasichana wanauliza—"

"Wakiuliza, hakuna. Umesikia? Hakuna. Au nikutafutie kazi jikoni?"

Nilivitia kwenye droo ya meza yangu na kufunga kwa ufunguo. Ningependa kusema nilibishana zaidi. Sikubishana. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, sina cheti, namtunza mama, na shule nzima iliniita mwalimu. Nilishika kile nilichokuwa nacho.

Jioni ile nilikaa nikamwandikia mkutubi wa Muhoroni. Nilitaka kumpa pole. Nilimpa pole, kurasa nzima, na nilipofika mwisho sikuweza kumwambia mtu aliyefiwa na mke, tena mgonjwa, kwamba vijitabu vyake vimo ndani ya droo. Nikaandika: "Nimeviweka kwenye rafu ya dirishani. Mwalimu mkuu alikasirika lakini nilisimama imara. Wasichana wanavisoma."

Nilidhani ni maneno ya kumtuliza mtu mmoja. Muhula uliofuata barua ilikuja, na maneno yangu yalikuwa ukurasa wa kwanza. Safari hii alikuwa ametaja shule. Juu aliandika: "Tazameni dada yetu wa Kisian." Nilihisi masikio yananiwaka. Nilimwomba karani barua ile asiipeleke ofisini, nikamwambia ni yangu binafsi, na akakubali.

Mapema mwaka uliofuata msichana wa kidato cha tatu alikuja maktabani wakati wa chakula cha mchana. Nilimjua vizuri. Mama yake alikuwa mchuuzi wa samaki ufuoni, na binti mwenyewe alikuwa msomaji wa kweli, aina ya mtoto anayekirudisha kitabu na kukuambia mwandishi alikosea wapi. Alisubiri wenzake watoke.

"Madam, kuna kitabu cha ule ugonjwa?"

"Ugonjwa gani?"

"Ule unaomaliza watu. Ayaki." Alilitumia neno la Kijaluo, taratibu. "Dada yangu amerudishwa kutoka kwa mume. Wamemweka kwenye nyumba ya nyuma, wanasema asiguswe. Nataka tu kujua kama naweza kumshika. Kumwosha. Ama tukila sahani moja."

Droo ilikuwa inagusa goti langu. Ufunguo ulikuwa kwenye kamba shingoni mwangu. Nilikuwa nimekisoma kijitabu kile chote. Nilijua jibu, na nilijua liko ukurasa gani. Ningeweza hata kumwambia kwa mdomo, bila kufungua chochote. Nilitazama mlango. Mwalimu mkuu alikuwa akipita kwenye ukumbi wa nje na kivuli chake kilipita juu ya kizingiti.

"Hakuna," nilisema. "Muulize mwalimu wa biolojia."

Alisimama kidogo. Sijui kama aliniamini. Alisema, "Asante, Madam," kisha akatoka.

Wiki ile niliishi kama mtu mwenye jiwe kiatuni. Kila siku nilijiambia kesho nitamwita. Ijumaa nilimtafuta darasani, nikaambiwa amepewa ruhusa kwenda mazishini.

Alirudi baada ya siku kumi, nywele zimenyolewa. Alikuja na kitabu alichoazima, akakiweka mezani mbele yangu, na juu yake akaweka kijitabu cha kijani.

"Muuguzi alikuja mazishini, alikuwa anagawa," alisema. "Madam, kumbe mtu anaweza kumshika."

Nilishika ufunguo shingoni mwangu.

"Mimi nilikuwa naweka chakula mlangoni halafu narudi nyuma. Alikuwa ananiita kwa jina. Aliniomba nimgeuze tu, mgongo ulikuwa na vidonda. Nikamwambia ngoja Mama aje. Mama pia hakuingia." Alizungumza bila kulia, kama anayesoma habari kwa sauti. "Alikufa asubuhi. Hatukujua mpaka saa sita, tulipoona sahani ya asubuhi bado iko pale."

Nilisema, "Pole, mwanangu." Alitikisa kichwa, akakichukua kijitabu chake, akaenda. Hakuwahi kuazima kitabu tena mpaka alipomaliza shule. Alipita kidato cha nne kwa alama za wastani, yeye ambaye angeweza kwenda chuo kikuu, na nilisikia aliolewa upande wa Asembo. Sijui zaidi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Muhoroni. Sikuandika kwanza, niliogopa kalamu yangu ingenipendelea tena. Nilishuka barabarani na kutembea kati ya miwa iliyonipita urefu, matrekta yakivuta matela yaliyofurika, harufu tamu nzito ya kiwanda ikinikaa kooni. Watoto walinionyesha nyumba. Binti yake mkubwa, wa miaka kumi na mitatu hivi, alinifungulia, akanipeleka uani.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba chini ya paa la mabati, blanketi miguuni ijapokuwa jua lilikuwa kali. Miaka yote mitano nilikuwa nimemwaza mtu mnene. Pengine aliwahi kuwa mnene, maana shati lilikuwa kubwa mno. Nilipojitambulisha uso wake wote ulifunguka.

"Dada wa Kisian! Karibu, karibu. Mama, lete kiti," alimwambia binti yake. Baba wengi kwetu humwita hivyo mtoto wa kike, lakini nilipomwona yule mtoto akibeba kiti na kurudi jikoni kuangalia sufuria, niliona jina lilikuwa limemwangukia kweli.

Nilikataa chai kwanza. Nikamwambia yote: droo, ufunguo, neno nililomjibu msichana, sahani mlangoni. Nilimwambia nilichoandika kilikuwa uongo. Nilisema haraka, nikitazama vidole vyangu.

Alivuta blanketi juu ya magoti. Trekta lilipita, mlio wake ukaisha.

"Nilikuweka ukurasa wa kwanza," alisema hatimaye.

"Najua, Mwalimu."

"Hujui. Kuna mama mmoja, mkutubi wa shule upande wa Seme. Alinijibu, akasema, kama yule wa Kisian ameweza, mimi nani? Akaviweka. Mwalimu mkuu wake akamwambia avitoe, akakataa. Akamwonyesha barua, akamwonyesha jina la shule yako." Alikohoa, akangoja kikohozi kimwachilie. "Walimfuta kazi Novemba. Ana watoto watatu. Nilimwandikia nikamwambia avumilie, hayuko peke yake."

Nilianza kulia. Alinitazama bila ukali wala huruma.

"Usinililie mimi," alisema. "Mimi nina kazi ya kutosha hapa. Ulikuja kufanya nini?"

"Kuomba msamaha."

"Kwangu?" Alifikiri. "Sina hasira ya kudumu, Mwalimu. Sina muda nayo. Lakini msamaha wangu utamsaidia nani? Una taipureta shuleni?"

"Ipo ya karani."

"Mimi vidole havibonyezi tena. Nina barua moja imebaki. Chukua kalamu."

Alinitamkia maneno nikiyaandika kwa zaidi ya saa moja. Yalikuwa mambo ya kawaida: namna ya kukausha vitabu vilivyolowa mvua, namna ya kumgawia msichana anayeona haya kazi ya kupanga kadi ili awe na sababu ya kukaa maktabani. Aliwaaga wenzake kwa mistari miwili. Halafu akasema, "Hapo acha nafasi. Ukurasa mzima. Hapo utaandika wewe, na utaweka jina la shule."

Binti yake alileta chai, nikainywa. Nilipoinuka, mkutubi aliniwekea mikononi daftari lenye anwani zote, limechakaa kwenye kona. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu na wa moto, na aliuacha mkononi mwangu muda mrefu kuliko salamu inavyotaka, kisha akauondoa mwenyewe.

Nilikata stensili siku ya Jumapili, karani akiwa kanisani. Ukurasa wangu niliuandika mara saba. Mara sita za kwanza nilikuwa nikieleza: mama yangu, cheti, kamati, wachungaji. Mara ya saba nilifuta maelezo. Niliandika kwamba vijitabu vilikaa rafuni siku mbili, kwamba nilivifungia, kwamba msichana aliniuliza nikamwambia hakuna, na kwamba dada yake alikufa bila kuguswa na mtu. Niliandika kwamba mkutubi wa Seme aliniamini na kwamba ameadhibiwa kwa jambo ambalo mimi sikulifanya. Kisha niliandika majibu yenyewe, kutoka kwenye kijitabu: unaweza kumshika mgonjwa, kumwosha, kumgeuza, kula naye, kulala chumba kimoja naye. Nilizungusha mpini wa saiklostaili mpaka mkono ukafa ganzi. Jumatatu nilizipeleka posta, na moja nikaiweka mwenyewe juu ya meza ya mwalimu mkuu.

Aliniita kabla ya saa nne. Barua ilikuwa mbele yake, miwani imening'inia kifuani.

"Umeandika jina la shule yangu."

"Ndiyo, Madam."

"Umeandika kwamba niliamuru."

"Nimeandika nilichofanya mimi, Madam. Amri yako sikuitaja."

Aliisoma tena, au alijifanya anasoma. Nilitarajia afoke. Alisema, "Ndugu yangu wa mwisho tulimweka hivyo. Nyumba ya nyuma." Nilidhani ataendelea. Akavaa miwani, akavuta ufunguo kutoka mkononi mwangu, maana nilikuwa nimekwenda nao tayari. "Toka hapa. Vitu vyako uvitoe leo."

Mkutubi wa Muhoroni alifariki kabla wiki mbili hazijaisha. Sijui kama nakala yake ilimfikia. Kwenye mazishi mhubiri alisema marehemu alikuwa mwalimu mwema aliyeugua kwa muda, na hakuna hata mmoja aliyetaja barua. Mimi pia sikusimama kusema. Nilikuwa nyuma kabisa, na binti yake alikuwa mbele amemshika mdogo wake, na nilimwona akigeuka kuwahesabu wageni waliopaswa kupikiwa.

Nilijaribu kuendelea kuzitoa barua za Muhoroni peke yangu, nikitumia mashine ya kanisa. Nilitoa mbili. Anwani nyingi zilikuwa za watu waliokwisha kufa au kuhama, na bahasha zilirudi zimepigwa muhuri. Ya tatu niliiacha kwenye stensili.

Miaka minne ikapita. Nilipata kazi ya kufundisha watoto wadogo shule ya kanisa mjini Kisumu, mahali pasipokuwa na maktaba. Wakati huo gugumaji lilikuwa limeanza kuziba ziwa, na wavuvi waliokosa njia ya kutoka walikuwa wakija mjini kutafuta vibarua. Vijitabu sasa vilikuwa kila mahali, hata makanisani, na watu waliendelea kufa.

Jumapili moja mwaka wa 1997 nilikuwa kwenye soko la Kibuye natafuta sweta la mtumba. Mwanamke aliyekuwa akiuza nguo za watoto alikuwa amezipanga kwa umri, kila fungu na kikadi chake kilichokatwa kwenye boksi, namba zimeandikwa kwa mwandiko wima ule wa katalogi. Nilisimama. Nilimuuliza kama aliwahi kuwa mkutubi.

"Seme," alisema. "Zamani. Kwa nini?"

Nilimwambia mimi ni wa Kisian.

Aliendelea kukunja suruali ya mtoto mpaka ikaisha, akailaza juu ya nyingine. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye pengo mbele. Nilianza maneno niliyokuwa nimeyatengeneza kichwani kwa miaka minne, nikafika kwenye "kwa sababu yangu wewe," akainua mkono.

"Ngoja, dada. Barua yako nilipata. Niliisoma yote." Aliniangalia machoni. "Unafikiri nilikataa kuvitoa kwa sababu yako?"

"Ulimwonyesha jina la shule yetu."

"Nilimwonyesha, ndiyo. Nilitafuta kitu cha kumwonyesha. Lakini mimi nilikisoma kile kijitabu, nikaona ni kweli. Ningekataa tu. Usijipe ukubwa huo." Akavuta pumzi. "Kufukuzwa kuliniuma. Bado kunaniuma. Lakini hiyo ni yangu. Wewe beba yako. Ile ya yule mtoto."

Mteja alifika, akashika gauni dogo la manjano, akauliza kama lipo kubwa zaidi. Alimgeukia mara moja, akapekua fungu la miaka saba, akalipata bila kutafuta sana. Nilisubiri wamalizane. Walipomaliza, mwingine alikuwa amefika, na nyuma yake mwingine, maana jua lilikuwa limetoka na watu walikuwa wakitoka makanisani.

Nilinunua sweta kwenye kibanda cha mbali zaidi. Baada ya hapo nilimwona Kibuye mara nyingi. Tulisalimiana, "habari ya leo, mama," "nzuri, karibu," na hatukuzungumza zaidi ya hapo.